Rimu Kubwa au Ndogo? Shauri kwa Jamii Zivutazo Karavani kwa Motokaa ya Umeme

Katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, majira ya kiangazi ni wakati wa jamii kuhama mji. Baba, mama na watoto hufunga nyuma ya motokaa tela lenye vitanda, jiko na kabati, liitwalo karavani, wakaenda nalo ufukoni au milimani kwa siku nyingi. Zamani kazi ya kulivuta tela hilo ilikuwa ya motokaa za petroli na dizeli. Siku hizi mambo yamegeuka. Nchini Norwei, mwaka 2024, karibu motokaa tisa katika kila kumi mpya zilizoandikishwa zilikuwa za umeme. Na Model Y ya kampuni ya Tesla ndiyo iliyoongoza kwa mauzo huko mwaka 2022, 2023 na 2024.

Mnunuzi wa motokaa kubwa ya umeme hukutana mapema na swali ambalo wengi hulijibu kwa macho tu: achague rimu ya inchi ngapi? Rimu kubwa hupendeza. Huijaza nafasi ya gurudumu, hung'aa, na kuifanya motokaa ionekane yenye nguvu. Lakini anayekusudia kuvuta karavani hana budi kuuliza swali jingine: gurudumu hilo litabeba nini, na litaifikisha jamii yake wapi?

UBAVU WA TAIRI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba rimu inapokuwa kubwa, gurudumu zima haliongezeki kimo. Model Y za kabla ya mwaka 2025 ni mfano mzuri. Rimu ya inchi 19 ilivishwa tairi yenye alama 255/45. Ile ya inchi 20, tairi ya 255/40. Na ile ya inchi 21, tairi ya mbele ya 255/35. Akipima mtu magurudumu hayo matatu kutoka juu hadi chini, atapata takriban milimita 712 kwa yote. Kinachobadilika ni ubavu wa tairi, yaani mpira ulio kati ya rimu na barabara. Katika rimu ya inchi 19 ubavu huo una milimita 115 hivi. Katika inchi 20, milimita 102. Na katika inchi 21, milimita 89 tu.

Ubavu huo una kazi. Ndani yake mna hewa, na hewa ndiyo inayobeba mzigo na kupokea kishindo cha shimo au ukingo wa barabara. Ubavu mfupi hauna nafasi ya kubonyea. Motokaa yenye mzigo mzito ikiingia shimoni, rimu yenyewe huweza kupigwa na kupinda, au nyuzi za ndani ya tairi hukatika bila mwenyewe kujua, mpaka tairi ivimbe ubavuni au ipasuke mbele ya safari.

MZIGO NA NAMBA ZAKE

Baada ya alama za ukubwa, kila tairi huchapwa namba nyingine ionyeshayo uzito inaoweza kubeba. Alama 98 maana yake ni kilo 750. Alama 101 ni kilo 825. Na alama 104 ni kilo 900. Namba hizi si za Ulaya pekee. Ziko pia ubavuni mwa tairi ya motokaa ya doria ya polisi na ya basi la abiria katika nchi zetu, na kila dereva yampasa kujua kuzisoma.

Kwa Model Y iliyotajwa, tairi ya inchi 19 kwa kawaida huwa na alama 104, na ya inchi 20 huwa na alama 101. Basi tairi mbili za nyuma za inchi 19 hubeba jumla ya kilo 1,800, na zile za inchi 20 hubeba kilo 1,650. Tofauti ni kilo 150, sawa na watu wazima wawili. Ni kweli kwamba kiwanda kimezikubali aina zote mbili. Hata hivyo akiba ya mtu wa kwanza ni kubwa kuliko ya mtu wa pili, na mvutaji wa karavani ndiye anayeihitaji zaidi akiba hiyo.

Sababu ni hii. Motokaa ya umeme ni nzito tangu mwanzo kwa ajili ya betri yake. Model Y ina uzito wa takriban tani mbili kabla ya kupakia watu. Tena pua ya tela huikandamiza motokaa kwa nyuma. Huko Ulaya uzito wa pua kwa kawaida huwa kilo 75 hadi 100. Marekani hushauriwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Kwa kuwa kiungo cha tela kiko nyuma ya ekseli, magurudumu ya nyuma huelemewa kwa uzito unaozidi hata ule wa pua yenyewe, huku ya mbele yakipunguziwa. Ongeza watoto watatu kwenye kiti cha nyuma na mizigo ya safari, na ile akiba huanza kuyeyuka.

BETRI NA MWENDO

Rimu hugusa pia umbali. Tesla Model 3 ya masafa marefu, toleo la mwaka 2024, ilipimwa kwa kanuni za Ulaya ikapewa kilomita 678 kwa rimu za inchi 18, na kilomita 629 kwa rimu za inchi 19. Hiyo ni tofauti ya asilimia saba hivi kwa motokaa ya aina moja. Rimu kubwa mara nyingi huwa nzito, hukata hewa vibaya, na huvishwa tairi zinazosugua barabara kwa nguvu zaidi.

Karavani yenyewe hula umeme kuliko rimu yoyote. Kwa kuwa ni pana na ndefu kwenda juu, hupambana na upepo, na si ajabu umbali wa motokaa kupungua hadi nusu. Na ichukuliwe motokaa iwezayo kwenda kilomita 400 barabara kuu bila tela. Ikiwa na karavani itakwenda 200. Safarini watu hutumia betri kati ya asilimia 80 na 10, hivyo hatua moja ni kilomita 140. Asilimia saba ya hizo ni karibu kilomita kumi. Mjini kilomita kumi si kitu. Milimani, penye vituo vichache vya umeme, huweza kuwa ndizo zilizobaki kufika kituoni.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo wanaotetea rimu kubwa, na hoja yao ina ukweli. Ubavu mfupi haupindi sana, kwa hiyo motokaa huitika usukani upesi. Lakini tela kuyumbayumba, jambo linaloogopwa na kila mvutaji, mara nyingi huletwa na mwendo wa kasi na mizigo iliyopangwa vibaya, hasa ikirundikwa mkiani mwa tela. Tiba yake ni kuweka mizigo mizito chini, juu ya ekseli ya tela, na kupunguza mwendo. Norwei imeweka kilomita 80 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo kwa motokaa yenye tela la breki.

Kwa hiyo shauri jema ni kuchagua rimu ndogo kuliko zote zilizoruhusiwa na kiwanda kwa motokaa hiyo. Iliyo ndogo kuliko hapo isijaribiwe, maana huenda ikagusana na breki.

KABLA YA KUFUNGA TELA

1. Kitabu cha motokaa kisomwe kwanza. Humo mna kikomo cha uzito wa tela na wa pua.

2. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi, kufuata kibandiko cha mlangoni na maelekezo ya kuvuta tela.

3. Tairi mpya isiwe na namba ya mzigo iliyo chini ya ile ya kiwanda, hata ikiwa bei yake ni nafuu.

4. Tairi za karavani zichunguzwe umri. Karavani hukaa miezi mingi bila kwenda, na mpira huzeeka ijapokuwa haujalika. Tarakimu nne za ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Ujerumani hudai tairi za tela ziwe na umri chini ya miaka sita ndipo liruhusiwe kwenda kilomita 100 kwa saa badala ya 80.

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Uzuri wa rimu huonekana motokaa ikiwa imesimama. Wema wa tairi hujulikana njiani, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma na nyumba yao ikifuata.