Chapa za Mbao za Roma Mikononi mwa Wachoraji wa Gondar

Miongoni mwa kazi za Renesansi, yaani zama za mwamko wa sanaa na elimu barani Ulaya, zilizoacha alama katika Afrika Mashariki, kitabu cha Injili nne kwa Kiarabu kilichochapwa Roma mwaka 1590 na 1591 kinastahili nafasi ya mbele. Kilitolewa na kiwanda cha chapa kilichoanzishwa mwaka 1584 na Kardinali Ferdinando de' Medici ili kuwafikia wasomaji wa Mashariki. Picha zake zilibuniwa na Antonio Tempesta, na Leonardo Parasole akazichonga.

Kazi ya Parasole ndiyo husahaulika, ingawa bila yeye kusingekuwa na picha. Mchoro ulitiwa juu ya ubao mgumu uliolainishwa, kisha mchongaji akaondoa kwa kisu na patasi kila sehemu isiyokuwa mstari, hata mistari yenyewe ikabaki imeinuka kama maandishi ya muhuri. Kwa kuwa picha hutokea karatasini ikiwa imegeuka, mkono wa kuume wa Yesu unaobariki ulipaswa kuchongwa upande wa pili. Na kwa kuwa wino ulikuwa mmoja tu, mweusi, kivuli kilipatikana kwa kusonganisha mistari sambamba. Ubao ulikuwa na kimo sawa na herufi za risasi, hivyo maneno na picha vilipigwa chapa kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa bamba la shaba, ambalo wino wake hukaa ndani ya mifereji na huhitaji mtambo wa aina nyingine. Kitabu kina picha 149, lakini mbao hazikufika 70, maana ubao mmoja ulitumika tena pale Injili mbili ziliposimulia habari zinazofanana.

Huko Gondar, mji ambao Mfalme Fasilides aliufanya makao yake katika miaka ya 1630 baada ya kuwafukuza Wajesuiti, wachoraji wa Uhabeshi walizitumia chapa hizo walipopamba Injili zilizoandikwa kwa mkono katika Kigeezi, lugha ya kale ya ibada. Hati moja ya namna hiyo, ya miaka ya 1660, imo katika Maktaba ya Uingereza, London. Kuiita nakala tupu ni kuwadhulumu waliochora: walichukua mpangilio wa watu katika tukio, lakini vivuli vya Parasole wakaviacha, na mahali pake wakatia rangi angavu, nyuso pana na macho makubwa ya watakatifu wa kwao.