Maji ya Ziwa Hayazimi Kila Moto

Kijiji cha Kagunga, Kigoma, kimebanwa: mbele Ziwa Tanganyika, nyuma milima, kaskazini mpaka wa Burundi. Mwaka 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojaa pale, wengi waliondolewa kwa njia ya maji. Mitumbwi iliwafikisha kwenye meli ya MV Liemba, iliyotia nanga mbali na ufuko, nayo ikawapeleka Kigoma. Nyumba ikishika moto mahali pagumu kufikika kama hapo, usitegemee gari la zimamoto kuwahi. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kila mtoto aijue, lakini dakika za kwanza ni za waliomo nyumbani. Mara nyingi waliomo ni watoto wenyewe: baba kalala baada ya usiku wa uvuvi, mama yuko mwaloni anaanika dagaa.

Mtoto wa ufukweni akiona moto hukimbilia ndoo. Kwa kuni, godoro au nyasi za paa, hajakosea. Ila nyumba ya mvuvi ina mioto miwili ambayo maji huizidisha.

Wa kwanza ni wa mawese. Karai la kukaangia samaki aina ya migebuka likisahaulika mafigani, mafuta hufuka moshi, kisha hulipuka moto. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yakimwagwa humo huzama, huchemka papo hapo, na lita moja hugeuka mvuke wa lita 1,700 hivi. Mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi usoni mwa aliyeshika ndoo. Kinachotakiwa ni mfuniko au sinia ya bati, itelezeshwe juu ya karai kutokea ubavuni na iachwe hapo mpaka karai lipoe kabisa. Karai lisibebwe kutolewa nje. Kijana anayepika ajizoeze hayo kwa karai baridi. Mdogo kazi yake ni kutoka na kupiga kelele.

Wa pili ni wa petroli ya injini za mitumbwi, na huu ndio unaonitisha zaidi. Mafuta ya taa yanahitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Dumu likiwa uvunguni, mtoto akainama na koroboi kutafuta kandambili yake, moto humrukia kabla hajaligusa dumu. Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo ndoo huutembeza moto hadi mlangoni. Iliyomwagika kidogo huzimwa kwa mchanga, na mchanga ufukweni haununuliwi. Ikiwa nyingi, ni kukimbia. Bora zaidi dumu la petroli lisilale nyumba moja na watoto, wala lisifanane na la mafuta ya taa.

Kuna jambo wazazi hatulisemi. Mtoto aliyechezea kiberiti akaunguza pazia huogopa fimbo kuliko moto, akajificha chini ya kitanda, na moshi ukamkuta huko. Aambiwe leo, kabla ya lolote, kwamba anayekimbia kuita watu hachapwi. Achezeshwe pia: nguo ikishika moto, simama, lala, gaagaa; chumba kikijaa moshi, tambaa, hewa nafuu iko chini; ukishatoka, usirudi ndani, hata kwa daftari.

Akiungua, hapo maji ndiyo dawa. Maji safi ya baridi ya kawaida yatiririshwe juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai, tope na mawese hufungia joto na uchafu ndani, visipakwe. Malengelenge yasipasuliwe. Kisha kitambaa safi, kisichobana, na safari ya zahanati au hospitali. Dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia, basi mmoja amshike na kumimina maji, mwingine awahi mwaloni kutafuta mtumbwi wenye mafuta ya kufika Kigoma.