Usiitupe laptopu yako kuukuu bado: Mjadala wa Windows na Linux pale Kizingo

JIONI ya Jumapili pale Mama Ngina, Kizingo, kila mtu ana lake. Watoto wanafukuzana chini ya mibuyu, wapenzi wanagombania kipande cha mwisho cha muhogo wenye pilipili na ndimu, na meli ya makasha inapita mbele yenu ikielekea Kilindini, karibu hata unaweza kumpungia baharia mkono.

Sisi wanne tulikuwa tumeinamia laptopu.

Ni ya binamu yangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho chuoni. Ni mtumba. Aliinunua miaka minne iliyopita kwa pesa za mchango: mama alitoa nusu, shangazi wawili wakamalizia. Humo ndani mna ripoti yake ya utafiti, CV, na picha za harusi anazozihariri wikendi ili apate nauli. Sasa anapoiwasha anakumbushwa kwamba Windows 10 imefika mwisho. Fundi mmoja mjini alimwambia mashine hiyo imekwisha, atafute nyingine.

"Nyingine kwa pesa gani?" akatuuliza. "Hata hii sijamaliza kumshukuru shangazi."

Hapo ubishi ukaanza. Mmoja wetu hutengeneza kompyuta, na kwa Linux humwambii kitu. Mwingine ni msanifu wa mabango na kadi za harusi, na yeye ni Windows mpaka kaburini. Mimi nilikuwa katikati, na nina sababu zangu ambazo nitazieleza.

Kilichokwisha ni nini hasa?

Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Laptopu hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinafungua YouTube, zinachapisha barua kama jana.

Shida ni kwamba kila mwezi hugunduliwa matundu mapya ambayo wahalifu wanaweza kuingilia. Zamani Microsoft ilikuwa ikiyaziba. Sasa kwa Windows 10 ya kawaida hayazibwi tena, na wezi wanajua.

Mbona basi asihamie Windows 11? Kwa sababu Windows 11 ina masharti. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa jumla prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Vizazi hivyo vilianza kutoka mwaka 2017. Laptopu ya binamu ni kizazi cha 6. Ina RAM ya 8GB, inafanya kila anachotaka, na bado inaambiwa haifai.

"Kwa hivyo haikuharibika," alisema yule wa Linux. "Imeachwa tu njiani."

Kuna muda wa nyongeza ambao wengi hawaujui. Microsoft inakubali watumiaji wa nyumbani wajisajili wapate masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe chochote ukikubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Si suluhisho la milele, lakini kwa mtu mwenye ripoti ya kuwasilisha, ni pumzi.

Njia ya mkato iliyonitoa machozi

"Mbona mnajisumbua?" msanifu alisema. "Si atie krak tu. Mjini Sh500 watu wanakuwekea kila kitu."

Ikabidi niseme yangu.

Miaka mitatu iliyopita nililipa hizo Sh500. Nikawekewa Windows na programu ya kuhariri sauti, zote bila leseni. Ile programu ya kuvunja leseni ilitaka antivirusi izimwe kwanza. Ikazimwa. Wiki chache baadaye niliwasha mashine nikakuta mafaili yote yamebadilishwa majina, hakuna linalofunguka, na barua moja ya Kiingereza ikinidai malipo kwa sarafu za kidijitali.

Kazi za wateja nilizirudia usiku na mchana. Nisichoweza kukirudia ni saa sita za sauti ya babu yangu. Alikuwa baharia wa majahazi, na nilimrekodi barazani kwake Mji wa Kale akinihadithia safari za Ghuba, kwenda kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Sauti hizo nilikuwa nimeziweka mahali pamoja tu. Na babu alikuwa ameshafariki.

Siwezi kuapa kwamba ile krak ndiyo iliyoleta kirusi. Ninachojua ni kwamba nilikubali kufungua mlango na kumwingiza nisiyemjua, na nakala ya pili sikuwa nayo.

Msanifu hakutaja krak tena jioni ile.

Sahani ya biriani na mapishi yake

Windows ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Linux nayo hufanya kazi hiyohiyo. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyekuwa na umri wa miaka 21. Kilikutana na kazi ya mradi wa GNU, ambao Mmarekani Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983 akitaka watu wawe na programu wanazoweza kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa bila kuomba ruhusa.

Hiyo ndiyo maana ya programu huria. Programu iliyofungwa ni kama biriani ya harusini: unapewa sahani, unakula, unashukuru. Programu huria unapewa na mapishi. Ukitaka kupunguza chumvi, punguza. Ukitaka kufungua mgahawa wako, fungua, mradi ufuate masharti ya leseni.

Wengi wanaosema "Linux ni ya wataalamu" wanaisema hiyo wakiwa wameishika mkononi. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hivyo Tecno, Infinix na Samsung zote zimo. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye kasi zaidi katika orodha maarufu ya dunia zinatumia Linux.

Hata jina la mojawapo ya mifumo yake si geni kwetu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu. Mzungu huhitaji kuelezwa neno hilo. Msomaji wa Kiswahili anaona "utu" mara moja.

Kwa laptopu kama ya binamu, yule rafiki alipendekeza Linux Mint, ambayo inaendeka hata kwenye mashine ya RAM ya 4GB na sura yake haitamshtua mtu aliyezoea Windows. Ndani inakuja na LibreOffice ya kuandikia na Firefox ya mtandao.

Lakini tusidanganyane

Msanifu alikuwa na hoja, na nzito. Photoshop na Illustrator hazina toleo la Linux. Zipo GIMP, Inkscape na Krita, na ni nzuri, lakini mteja akikuletea faili la Photoshop lenye tabaka 40 akalitaka kesho asubuhi, hutaki kuanza kujifunza programu mpya usiku huo. Wacheza gemu nao wana malalamiko yao, hasa kwa baadhi ya michezo ya mtandaoni. Printa nyingine hukubali mara moja, nyingine hununa.

"Mimi nalipwa kwa kazi iliyokwisha," alisema. "Silipwi kwa msimamo."

Ni kweli. Lakini orodha ya kazi zinazokulazimisha kuwa na Windows inazidi kuwa fupi, kwa sababu mengi yamehamia kwenye brauza. Walio kwenye kazi ya kutoa mizigo bandarini huingiza stakabadhi zao kupitia mifumo ya mtandaoni, na eCitizen haikuulizi unatumia mfumo gani. Hata KRA, kwenye iTax, imekuwa ikiweka fomu ya marejesho ya ushuru kwa muundo wa Excel na pia wa ODS, ambao ndio muundo wa LibreOffice. Watu wengi hubonyeza Excel bila kujua kwamba ile nyingine iliwekwa kwa ajili ya wasio nayo.

Swali basi si upi ni mfumo bora duniani. Jiulize: kazi inayonilisha inahitaji programu gani? Andika tano unazozitumia kila wiki. Zote zikiwa na njia kwenye Linux, unalipia nini? Ikiwa moja haina, na hiyo moja ndiyo inayokulipia kodi ya nyumba, baki ulipo na uwe na leseni halali.

Na lugha, nianze na ipi?

Binamu anataka kujifunza kuandika programu baada ya chuo. Alipouliza aanze na lugha gani, kelele zilizidi zile za wauza madafu. Python! JavaScript! Achana na PHP, imekufa!

Hebu tuangalie waliofanya kazi. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi, tovuti ambayo mwananchi angeweza kuitumia kuripoti vurugu zikaonekana kwenye ramani. Wakaifanya programu huria. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoipiga Haiti, watu waliichukua wakaitumia huko kupanga taarifa za uokoaji. Matoleo yake yaliyoenea yaliandikwa kwa PHP, lugha hiyohiyo mnayoizika.

Kule Eldoret, mpango wa afya wa AMPATH ulikuwa wa kwanza kutumia OpenMRS, mfumo huria wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, mwaka 2006. Huo uliandikwa kwa Java, na leo unatumika katika nchi nyingi.

Na WhatsApp tunayotumiana meme usiku kucha? Mitambo yake ilijengwa kwa Erlang, lugha iliyoanzia kampuni ya simu ya Ericsson huko Uswidi katika miaka ya 1980. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32 tu.

Kwa hivyo lugha ni chombo. Ukitaka kurasa za mtandao, JavaScript itakufaa. Ukitaka takwimu au akili bandia, nenda Python. Programu za Android, Kotlin. Ukishaimiliki moja vizuri, ya pili haitakuchukua muda mrefu. Kinachowapoteza vijana wengi ni kubadilisha lugha kila mwezi kabla hawajatengeneza hata kitu kimoja kinachofanya kazi.

Zote nilizozitaja utazipata bure, na mashine ya kizazi cha 6 inatosha kabisa kujifunzia.

Tumekaa mlangoni

Kuna jambo linaloniuma kuhusu mji wetu. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, kule Ghuba, na mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. Intaneti ya kasi ya Kenya iliingilia hapa, kwa njia ya bahari ileile aliyopita babu na jahazi. Tumekaa mlangoni kabisa, lakini wengi wetu tunachofanya na mlango huo ni kupokea.

Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, hawakungoja kampuni fulani iamue kama Waswahili ni soko la kutosha. Na hapa kwetu, SwahiliPot Hub imekuwa ikiwakutanisha vijana wa teknolojia na wa sanaa karibu na Fort Jesus tangu 2016. Huhitaji kupanda treni kwenda Nairobi ili upate wa kukushika mkono.

Tulichoamua

Binamu hakubadilisha kitu jioni ile, na nadhani alifanya vyema. Hakuna anayehama nyumba usiku wa kuamkia mtihani. Alijisajili kwa masasisho ya nyongeza ya Windows 10, akanakili kila kitu kwenye diski ya nje, na nakala ya pili ya ripoti akaiweka mtandaoni.

Kisha yule wa Linux akachomeka flashi yenye Mint na kuiwasha mashine kupitia hapo. Jambo hilo wengi hawalijui: unaweza kuijaribu Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilicho ndani ya laptopu. Tukajaribu WiFi, sauti, kamera, na kufungua ripoti yake. Jedwali moja lilihama mahali pake. Mengine yote yalikuwa sawa. Akishawasilisha ripoti, ataamua mwenyewe.

Msanifu alitazama kioo kwa muda, akauliza, "Hiyo flashi yaweza kuazimwa?" Tukamcheka mpaka wauza muhogo wakageuka.

Mimi nimeanza upya. Bibi yuko hai, na anazijua hadithi nyingi za babu kuliko nilivyodhani. Jumamosi naenda kwake Mji wa Kale kumrekodi kwa Audacity, ambayo ni programu huria. Safari hii nitaweka nakala tatu.