Utangulizi: Mikorosho ya Marehemu

Mkulima wa Mpapura, mkoani Mtwara, akifariki Oktoba, korosho zake zimeshapimwa ghalani na fedha hazijaingia, familia hujifunza mirathi kabla hata ya arobaini. Chama cha msingi cha ushirika kina jina la marehemu, benki ina akaunti yake. Mjane akifika dirishani na watoto wake ataulizwa barua ya mahakama, hata kama kijiji kizima kinamjua. Kitabu hiki nimekiandika kwa ajili ya familia hiyo, na kwa mwanafunzi wa sheria atakayekaa siku moja kuisikiliza.

Wengi huingia katika somo hili wakiuliza nani atapata nini. Hilo ni swali la mwisho. Kwanza ulizeni marehemu aliishi kwa sheria ipi. Tanzania Bara ina tatu: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado huwagusa wengi wasioishi kwa hizo mbili, hasa Wakristo. Kabila na dini peke yake havimalizi mjadala. Tangu shauri la Innocent Mbilinyi la 1969, mahakama hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia aliyoionyesha.

Mpapura ndipo swali hili linapokuwa tamu, au chungu, kutegemea umekaa upande gani. Wamakonde kwa asili huhesabu ukoo kuukeni, na wengi wao huku ni Waislamu. Kwa mila ya kuukeni, mtoto wa dada anaweza kusimama akidai mali ya mjomba wake. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto, mjane hupata thumni (sehemu moja ya nane), binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, na mpwa huyo hana kitu. Mikorosho ni ile ile. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika kanuni za urithi wa kimila, lilitungwa kwa jamii za kuumeni. Anayeidai mila ya kuukeni ana kazi ya kuithibitisha kwa ushahidi wa wazee. Na mila yoyote ikimnyima mwanamke ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaibatilisha. Kwa maoni yangu, madai ya mpwa hudhoofika zaidi pale mikorosho ilipopandwa na kupaliliwa na mke na watoto, lakini msomaji ataona kwamba si kila mzee anakubali.

Jibu la swali la sheria ipi ndilo linaloonyesha pia mlango wa kuingilia mahakamani. Mirathi ya mila au ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi. Ya Kikristo kwa miaka mingi imekuwa ikianzia mahakama za juu yake. Mengine ni njia iliyonyooka: cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi (sheria haikilazimishi, ila mahakimu hupenda kuona muhtasari wake), maombi, tangazo, pingamizi kama lipo, kisha barua ya usimamizi.

Hapo ndipo familia nyingi hudhani kazi imekwisha. Barua haimpi msimamizi mali, inampa mzigo. Ndani ya miezi minne anatakiwa awasilishe Mahakama ya Mwanzo orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Kaka mkubwa anayeuza shamba kwa nguvu ya barua bila warithi kujua nimemtengea sura nzima, maana mashauri yake hayaishi.

Sura ya kwanza lakini inahusu madeni, kwa kuwa hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa senti. Deni la salfa ya kupulizia mikorosho kwa mwenye duka la pembejeo mara nyingi hakuna aliyelijua nyumbani.