Ndege ya Kindu: nani alihakikisha waliokuwamo?

Mkazi wa Dodoma hana haja ya kufundishwa namna ndege inavyoshuka. Uwanja wetu uko katikati ya mji, na ndege itokayo Dar es Salaam hupita juu ya mapaa kwa kimo ambacho mtoto aliye uani huweza kuzihesabu injini zake. Katika nchi yenye vita, hicho ndicho kimo cha hatari. Kombora la kurushwa begani, lile ambalo Warusi waliliita Strela, yaani mshale, huwa na uzito wa kilo 15 hivi pamoja na bomba lake, na mtu mmoja hulibeba vichakani bila shida. Halifiki mbali, ndege iliyokwisha kupanda kilomita kumi hewani haina sababu ya kuliogopa. Lakini ndege inayopaa au kutua iko chini, inakwenda polepole, na injini zake zinatoa joto kali. Kombora hilo hufuata joto. Halisomi bendera, wala halijui kama waliokaa ndani ni askari au ni watoto.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kindu, tarehe 10 Oktoba 1998.

Kindu ni mji wa Maniema, mashariki ya Kongo, kando ya mto Lualaba. Kwa Waislamu wa nyanda za kati, Maniema si ugenini. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikapumzika Tabora na kuvuka ziwa kutoka Ujiji, ndiyo iliyofika Kasongo na Nyangwe, na kuacha huko Kiswahili na Uislamu vilivyodumu hadi leo. (Si yote yaliyopita njia ile yalikuwa ya kheri; pembe na watumwa walipita humo humo.)

Vita vilikuwa vimeanza upya nchini humo mwezi Agosti. Kindu ilikuwa bado mikononi mwa jeshi la serikali ya Laurent-Désiré Kabila, na waasi walikuwa wakiukaribia mji. Siku hiyo Boeing 727 ya shirika la ndege la Kongo iliondoka kuelekea Kinshasa. Ilikuwa haijapanda sana kombora lilipoipiga injini, ikaanguka msituni. Watu 41 walifariki. Waasi walisema ndege ile ilikuwa ya vita, ikibeba askari na silaha. Shirika lenyewe likasema waliokuwamo ni raia, wakiwamo wanawake na watoto waliokuwa wakiukimbia mji. Siku chache baadaye Kindu ikatekwa.

Kwa maoni ya mwandishi, kauli hizo mbili si lazima zipingane, na hapo ndipo penye msiba. Ndege moja yaweza kuleta askari asubuhi na kuondoka na akina mama mchana. Serikali inayofanya hivyo imewavisha raia wake sare bila ya wao kujua. Na aliyefyatua je? Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Wasia wa Sayyidna Abubakr (RA) kwa jeshi lililokwenda Sham ulikataza kuua wanawake, watoto na wazee. Kijana aliyelala vichakani ana sekunde chache tu za kuamua. Wakubwa waliompa kombora walikuwa na siku nyingi za kuuliza nani anapanda ndege pale uwanjani.

Tusidhani kuwa kosa la namna hiyo ni la wengine tu. Mwaka 1978, vita vya Idi Amin vilipoanza, ndege za kivita za Tanzania zilitunguliwa Musoma na walinzi wetu wenyewe, waliodhani ni za adui.

Marubani wa kijeshi wana kinga kidogo. Hutupa fataki zenye moto mkali ili kombora lipotee njia, na hushuka wakizunguka juu kabisa ya uwanja badala ya kuja taratibu kutoka mbali. Ndege za kukodi mara nyingi hazina fataki hizo. Mogadishu, tarehe 9 Machi 2007, ndege aina ya Il-76 iliyowabeba askari wa Uganda wa kikosi cha Umoja wa Afrika ilishika moto ikitua. Mafundi wa Belarus wakaletwa kuishughulikia. Tarehe 23, Il-76 nyingine iliyokuwa ikiondoka nao ikatunguliwa muda mfupi baada ya kupaa, na wote 11 waliokuwamo wakafa.

Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa baada ya mji kutekwa na M23. Askari wa SADC waliokuwa huko, wakiwamo vijana wa JWTZ, hawakurudi kwa ndege kutoka Goma. Kuanzia mwishoni mwa Aprili, misafara yao ya malori ilipita Rwanda ikaingia Tanzania kwa barabara. Mtu anaweza kuiita safari hiyo fedheha, akitazama heshima ya jeshi. Mama aliyekuwa akimngojea mwanawe hapa Dodoma, au Kondoa, sidhani kama aliuliza kwa nini hakuja kwa ndege.