Jivu Jeupe Si Moto Uliokufa

Ndugu mkulima, unapolala shambani kulinda mahindi yaliyokatwa, au unapokaa malishoni na ng'ombe, huna budi kuwasha moto, kwa maana baridi ya nyanda za juu ni kali. Lakini asubuhi unapoondoka, je, moto wako umezimika kweli?

Wengi huufunika kwa udongo mkavu wakaenda zao. Hili ni kosa. Udongo huhifadhi joto kama blanketi, na makaa huendelea kuwaka polepole chini yake. Tena moto waweza kufuata mizizi mikavu ya kisiki ukatokea mahali pengine baada ya siku kadhaa.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuwasha, lima duara la hatua mbili kila upande, mbali na mabua na majani makavu. Weka debe la maji karibu. Wakati wa kuzima, mwaga maji kidogo kidogo, ukoroge jivu kwa jembe na kugeuza vijinga vyote, kisha mwaga tena. Mwisho, sogeza mgongo wa mkono wako karibu na jivu. Ukisikia joto, rudia kazi. Usipokuwa na maji, koroga makaa pamoja na udongo wenye unyevu mpaka yapoe.

Wakati wa kiangazi nyasi huwa kavu na upepo ni mwingi. Kaa moja laweza kuteketeza mavuno yako na ya jirani yako. Usiondoke mpaka jivu lipoe.