Mchicha, Maziwa na Mawe ya Figo

Kaka yangu anaishi Tanga, na nyumbani kwake mchicha wa karanga haukosekani. Alipoambiwa hospitali kwamba jiwe lililomtesa ni la kalsiamu na oksaleti, kitu cha kwanza wifi yangu alichoondoa mezani ni maziwa. Wengi hufanya hivyo. Mimi nasema maziwa yarudi, tena yanywewe pamoja na chakula.

Oksaleti imo ndani ya mimea. Ikikutana na kalsiamu tumboni, hushikana nayo zikatoka kwa choo. Ikiikosa, hupenya kwenye damu hadi kwenye figo, na huko ndiko mawe yanakofanyika. Mwaka 2002 Loris Borghi na wenzake wa Italia walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 wenye mawe ya aina hii. Kati ya 60 waliopunguza kalsiamu, 23 walirudiwa na mawe. Kati ya 60 waliokula kalsiamu ya kawaida wakapunguza chumvi na nyama, walirudiwa 12.

Hata hivyo mboga nayo ina neno. Mchicha na spinachi zimejaa oksaleti, na karanga, korosho na viazi vitamu navyo vinayo ya kutosha. Ukiunga mchicha kwa karanga umezidisha mzigo, na tui la nazi, pamoja na weupe wake, halina kalsiamu ya kukuokoa. Kabichi na sukuma wiki zina oksaleti kidogo. Asiyeweza kuachana na mchicha auchemshe kwa maji mengi, ayamwage, aukamue, ndipo auunge. Najua tumelelewa tusimwage maji ya mboga kwa sababu ya vitamini. Kwa mwenye mawe haya, yamwagwe. Kando uwepo mtindi, au dagaa wanaotafunwa na mifupa yao.

Vidonge vikali vya vitamini C aviache, maana mwilini hugeuka oksaleti. Maji anywe hadi mkojo ufike lita 2.5 kwa siku. Kwa joto la pwani, jasho likitoka, anywe zaidi.

Lakini si kila jiwe ni la oksaleti, na mwenye figo zilizoshindwa kazi asiongeze maji bila kumuuliza daktari. Jiwe likitoka kwa mkojo, usilitupe. Lipeleke maabara lipimwe, ujue unapambana na lipi kabla hujabadilisha chakula.